Upande wa Baraka

Asubuhi ya kwanza baada ya mama yao kuhamishwa, zizi lilikuwa kimya. Ng'ombe walikuwepo, wakicheua na kujipigapiga kwa mikia. Lango la miti lililia kama lilivyolia miaka yote. Ila Kifungua, aliyebaki nyuma kufunga nyumba, alisimama na ndoo mkononi akisubiri kitu asichokijua, mpaka alipoona kwamba ng'ombe nao wanakisubiri. Walikuwa wamegeuza masikio kuelekea jikoni.

Walikuwa wanangoja kusemeshwa.

Mama yake hakuwa mwimbaji, na mbele ya watu hakuwa msemaji. Lakini kila kulipokucha alitoka jikoni na kibuyu cha maji, akapita katikati ya mifugo akiongea. Aliongea na ng'ombe na aliongea na Mungu, kwa sauti moja, bila kuweka hata pumzi kati ya maneno ya huyu na ya yule.

"Haya, amkeni, kumekucha. Sogea kidogo. Usinikanyage leo, mgongo unauma. Tupe nguvu tusiaibike. Toa kichwa hapo."

Kifungua alipokuwa mtoto aliwahi kumuuliza, "Mama, unamwambia Mungu au unamwambia Haraka?"

"Atakayesikia kwanza," mama akajibu, na kuendelea na kazi.

Haraka alikuwa ng'ombe. Baba yao alikuwa na maksai wawili aliowalea tangu wakiwa ndama, akawapa majina ya Haraka na Baraka, na hapo ndipo ucheshi wake wote ulipoishia. Haraka alikuwa mzito wa kuondoka. Baraka ndiye aliyekuwa na mwendo. Alifungwa upande wa kulia, akitembea ndani ya mfuo uliokwisha kulimwa, na mwenzake akamfuata kama mtu anayefuata taa. Hiyo ilikuwa zamani, kabla trekta la kwanza halijaonekana nchi ile, wakati plau moja ya chuma ilikuwa mali ya kuonyesha wageni.

Nyumbani walibaki wanne. Baba, ambaye kila mtu alimwita Mzee wa Kanisa, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Mama. Binti wa kwanza, aliyeitwa Kifungua kwa kuwa alifungua mimba za mama yake. Na binti wa mwisho, Kitinda, mdogo wa umri na mdogo wa mwili. Kaka zao wawili waliokuwa katikati walichukuliwa kwenda kujenga reli, wala hawakuulizwa kama wanataka.

Kisha mvua ikakata. Msimu wa kwanza watu walisema itakuja. Msimu wa pili waliacha kusema. Punda wa nyumbani alikwenda kisima cha mbali kila siku na mitungi ubavuni, akarudi na maji yenye rangi ya chai, na uji ukawa mwepesi kiasi kwamba Kitinda aliweza kujitazama uso ndani yake. Hata hivyo baba alivua kofia akauombea, maombi marefu kuliko uji wenyewe.

Baraka alikufa wiki ileile mawingu yalipoanza kukusanyika. Walimkuta asubuhi amelala chini, shingo ameinyoosha kana kwamba bado anavuta. Baba alisema mzoga hauliwi, ndivyo ilivyoandikwa. Wakamchimbia shimo katika ardhi ngumu kama tofali, wao wenyewe wakiwa na njaa, wakamfukia pamoja na ngozi yake.

Fundi alipita wakati wanashindilia udongo. Huyu alikuwa fundi wa mbao, rafiki ya baba tangu utoto, mtu aliyechonga nira, vitanda na majeneza kwa randa ileile, wala hakuwa na mazoea ya kuchagua pa kutania.

"Hodi shemeji. Poleni," alimwambia mama. Kisha akamgeukia baba. "Kwa hiyo Baraka amekwenda, umebaki na Haraka. Wahenga si walikuonya?"

Mama alitoa kicheko kupitia puani, akakizuia kwa ncha ya kitambaa. Baba hakucheka.

"Sikia," Fundi akasema, akichuchumaa. "Mvua hii inakuja, naisikia magotini. Mfunge punda upande wa Baraka. Ng'ambo ya mto wanalima hivyo."

"Imekatazwa."

"Na nani?"

"Unajua vizuri na nani. Ng'ombe na punda hawafungwi nira moja."

"Mzee, hilo waliambiwa watu waliokuwa na ng'ombe wawili."

Baba aliegemea jembe lake. Alikuwa amekonda hadi kola ya shati ilimzunguka shingo bila kuigusa. "Mvua imetuacha," alisema taratibu. "Vijana wametuacha. Ng'ombe naye leo. Amri peke yake ndiyo haijaniacha. Unataka mimi niiache?"

Fundi akainuka, akajikung'uta udongo. Akaondoka.

Lile lililokuwa likiwasumbua wote hakuna aliyelitaja pale kaburini. Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa ametuma neno kutoka kwake mbali: shamba lisipopandwa safari hii, atakuja kumchukua Kitinda. Hakusema kwa ubaya. Kwake kulikuwa na chakula, na mtoto akibaki angeweza asiuone msimu mwingine. Mama alikuwa amejibu kwamba, basi, wakishindwa kupanda aje.

Kitinda alisikia. Tangu siku hiyo alianza kuacha uji nusu bakuli.

"Mbona humalizi?" Kifungua alimuuliza.

"Mimi sili sana," Kitinda akajibu kwa sauti ya kujitetea. "Mwambie mama. Mimi sili sana, dada. Waambie wote."

Mvua ilinyesha. Ilinyesha siku nzima na kesho yake, ikaingia hadi chini ya vitanda, na baba akapiga magoti penye tope mlangoni akashukuru, na tope likabaki kwenye suruali akakataa lifutwe. Kulipokucha jua lilitoka. Shamba lilikuwa limelainika. Lakini udongo ule ulikuwa mfinyanzi: hulegea baada ya mvua kwa muda mfupi, kisha hujifunga tena kama mlango, na ukishajifunga hata mbegu iliyokwisha tupwa juu yake huliwa na ndege. Kwa jembe la mkono wangelima pembe moja tu kabla mlango haujafungwa. Walijaribu siku hiyo, wote wanne, na jioni walipotazama nyuma waliona kipande ambacho mbuzi angeweza kukimaliza kabla hajashiba.

Kesho yake baba alivaa koti lake la kanisani, akachukua viatu mkononi ili asivichakaze njiani. "Nakwenda kwa ndugu yetu nyuma ya kilima," alisema. "Ana maksai. Nitarudi na mmoja."

"Nenda salama," mama akamwambia.

Alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea. Akatazama juu, kusiko na wingu. Akainama akachukua udongo, akauminya kwenye kiganja, akakifungua. Kisha akaingia ndani na kutoka na blanketi kuukuu lililokunjwa, na chini ya kwapa mfuko wa mbegu uliokuwa ukining'inia juu ya moshi wa jiko tangu mavuno ya mwisho, ambao hakuna njaa iliyowahi kuufungua.

"Kitinda, beba hii. Kifungua, mlete Haraka."

Walimfunga Haraka upande wake wa kushoto. Mnyororo ukaunganishwa na plau. Upande wa kulia wa nira ulining'inia mtupu, ukigusa chini.

"Shika mikono ya plau," mama akasema.

"Mama, upande huu tunafunga nini?"

"Shika, mwanangu."

Akaweka blanketi begani. Akainama, akaingia chini ya mti wa nira, akaunyanyua kwa bega la kulia, akapitisha mkono kwenye kijiti mahali pa shingo ya Baraka. Haraka aligeuza kichwa akamnusa.

"Ndiyo, ni mimi," mama alimwambia. "Usinitazame hivyo. Twende."

Haraka hakwenda. Halafu akaenda, kwa mkupuo mmoja kama kawaida yake, na mama akaanguka kwa magoti. Kifungua alipiga kelele, akaiachia mikono ya plau.

"Usiachie!" Mama alikuwa bado chini, akitafuta pumzi. "Ukiachia, chuma kinapanda juu, nami navuta bure. Bonyeza. Bonyeza chini hata kama unalia."

Basi alibonyeza huku akilia. Mbele yake aliona mgongo wa ng'ombe na mgongo wa mama yake sambamba, mmoja mpana na mwekundu, mwingine mwembamba, nguo imegandamana na jasho. Kila Haraka alipopiga hatua, mti wa nira uliruka upande wa mama, na mama alilazimika kupiga hatua mbili za haraka ili asiachwe. Nyuma kabisa, Kitinda alidondosha mbegu mfuoni na kuzifunika kwa unyayo, kwa uangalifu wa mtu anayejifunikia nafasi yake mwenyewe.

"Sogea kidogo," mama alikuwa akisema mbele. "Polepole. Mimi si mwenzio yule. Tupe nguvu. Usinivute hivyo, nakuja, nakuja."

Kifungua alisikia. Safari hii hakuuliza anaambiwa nani.

Walikwenda, wakageuka, wakarudi. Kwenye kila kona mama aliegemea shingo ya Haraka akahema, naye Haraka alisimama akangoja, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia Baraka. Punda alikuwa amefungwa kivulini mwa kibanda, akila majani machanga yaliyochipua kwa ile mvua, akiwatazama watu wakilima.

Baba alirudi jua likiwa juu ya vichwa. Hakuwa na maksai. Ndugu yao wa nyuma ya kilima alikuwa amempa maji ya kunywa na maneno mazuri. Wanyama wake walikuwa wameahidiwa nyumba nyingi kabla yake. Alifika mwisho wa shamba, viatu bado mkononi, akasimama.

"Mama watoto."

"Abee."

"Unafanya nini?"

"Si unaona. Nalima."

Mama hakutoka kwenye nira. Alikuwa ameinamisha kichwa, kwa kuwa mti ule haukumwacha akiinue, na akasema akiitazama miguu ya mumewe.

"Hili nalo limekatazwa? Wewe ndiwe msomaji, niambie. Punda ametajwa, akahurumiwa. Mimi nimesikiliza kila Jumapili, sijasikia nikitajwa."

Hakulisema kwa hasira. Hilo ndilo lililomwogopesha Kifungua. Alilisema kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi.

Baba aliweka viatu vyake kwenye majani, kimoja kando ya kingine. Akavua koti, akalitundika kwenye mti wa mpaka. Akaja.

"Toka."

"Kifua chako, baba watoto."

"Toka, nimesema."

Alitoka. Blanketi lilipoondoka begani lilivuta ngozi, naye akageukia pembeni ili watoto wasione. Baba akaingia upande wa Baraka. Alikuwa mrefu kuliko mama, nira ikakaa vizuri zaidi, na kwa mfuo mzima alivuta bila neno. Katika mfuo wa pili kikohozi kilianza. Kabla ya kona magoti yalikunjika, akaenda chini, mti umemlalia kisogoni, uso karibu na udongo. Haraka akasimama. Mabinti walidhani anaomba.

"Ananivuta," baba alisema kutoka kule chini. "Hafanyi makusudi. Ni mwendo wake tu. Lakini kila hatua shingo inataka kung'oka."

Mama alikuwa amechuchumaa karibu naye. "Ndivyo ilivyo."

"Nilidhani ni unajisi." Alikohoa. "Miaka yote hii nimewafundisha watu kwamba ni unajisi, hawa wawili kukaa pamoja. Kumbe ni shingo. Ni shingo ya punda tu, mama watoto. Mtu aliyeandika amri ile aliwahi kuitazama shingo ya punda."

Kifungua alingoja. Alikuwa na hakika kwamba neno linalofuata litakuwa *mleteni punda*. Au litakuwa *hapana, kamwe*. Na hakujua alitamani lipi. Baba alijitoa kwenye nira, akakaa kwenye tuta na mikono magotini, mzee kuliko alivyoondoka asubuhi.

"Mwite Fundi," alisema.

Fundi alikuja na mfuko wake wa vyombo, akicheka tangu mbali. "Nimeambiwa kuna watu wanajifuga wenyewe!" Alipofika akaliona blanketi na damu yake, akaacha. Alipiga goti kando ya nira akaipapasa kama daktari. Katikati kabisa palikuwa na pete ya chuma ulipofungwa mnyororo.

"Pete ikikaa katikati," alisema bila kumtazama mtu, "nira haijui nani mkubwa nani mdogo. Inawagawia sawa. Ikisogezwa upande wa Haraka, mzigo nao unasogea kwake." Akatoa keekee, akatoboa tundu jipya upana wa kiganja kuelekea kushoto, akahamisha pete. Maganda ya mbao yalidondoka mfuoni juu ya mbegu. "Sasa hata punda angeweza bila kuumia sana, Mzee."

"Punda ana kazi yake."

"Aisee, wewe ni jiwe."

"Jiwe halikohoi," mama alisema, akaliokota blanketi, akalikunja upya kwa kuficha damu ndani, na kurudi mahali pake.

Walilima hivyo mpaka udongo ulipojifunga. Mama na baba walipokezana, lakini kifua cha baba kilikuwa kile, kwa hiyo kupokezana kwenyewe kulikuwa kwa maneno zaidi. Ilibaki pembe moja ya shamba, ambayo hawakuifikia. Wapita njia walisimama kutazama. Watoto wa kanisani waliwaita mabinti "ndama", na Kifungua akapigana na mmoja wao nyuma ya choo cha kanisa akashindwa. Jumapili baba alisimama mbele kuongoza maombi, kola wazi, kidonda shingoni kikionekana na kila mtu. Alianza, "Ee Bwana uliyetupa," akatafuta neno linalofuata, akatazama mabenchi ya wanawake, akakaa chini. Mtu mwingine akamalizia.

Mvua ikawahi kukata. Mahindi yalitoka mafupi, yenye mapengo kama kinywa cha bibi kizee. Hata hivyo yalitoka. Mama mkubwa alipofika na kikapu cha kubebea nguo za mtoto, mama alimpeleka kwenye uchaga wa mahindi akamwonyesha. Mama mkubwa alitazama kwa muda mrefu, akipiga hesabu zake kimyakimya. Kisha akalitazama bega la mdogo wake.

"Umefanywa nini?"

"Nimelima, dada."

Kitinda siku hiyo yote alijificha nyuma ya punda, akimshika shingo. Jioni mama mkubwa aliondoka, na kikapu kikiwa kitupu.

Mengine yalikwenda kama yanavyokwenda. Kaka mmoja alirudi kutoka kwenye reli, mwingine hakurudi. Haraka alizeeka akaruhusiwa kufa bila kazi. Baba alikufa na kifua chake, na Fundi akamchongea sanduku, akalitengeneza refu kidogo kuliko ilivyohitajika ili, alivyosema, kichwa kisibanwe. Mama alibaki shambani na maksai wengine, na baada yao wengine, bega la kulia likiwa chini kuliko la kushoto, nguo ikimteleza upande huo kila mara naye akiipandisha bila kufikiri.

Kifungua alipokuwa mtu mzima, wakipukuchua mahindi kibarazani, alimuuliza mama yake lile alilolibeba tangu utoto.

"Mama. Baba alikuwa nyuma ya kilima. Hakuna aliyekuwa anaona. Kwa nini hukumfunga tu punda?"

Mama aliendelea kupukuchua. "Na punda angevunjika shingo, maji ya kisimani yangeletwa na nani?"

Kifungua alichukua muhindi mwingine.

"Mimi," mama akasema. "Kwa vyovyote vile ningebeba mimi. Baba yako alikuwa na sababu yake, mimi nilikuwa na yangu, zikakutana kwenye punda." Akapuliza makapi kiganjani. "Na Mungu sijui alikuwa na ipi. Sikumuuliza. Nilikuwa nimechoka."

Mama aliposhindwa kunyanyua hata kibuyu, Kitinda alikuja kumchukua. Alimbeba mwenyewe hadi garini, hakuwa mzito. Mama alisema na ng'ombe kupitia dirishani mpaka gari lilipoondoka, na baada ya hapo asubuhi zizini ikawa vile Kifungua alivyoikuta, masikio yamegeuzwa na hakuna anayesema.

Sasa mama yuko mjini kwa Kitinda, chumba cha nyuma karibu na bomba la maji. Kitanda chake kimesogezwa kwenye ukuta wa pili, kwa sababu analalia ubavu wa kushoto tu, na kule alikuwa akitazama ukuta badala ya mlango.